Sufi ya Baba na Mbio Zangu

Mkwe wangu ni mtu mwema, lakini juzi kaniletea mto wa sufi. Kaufunga kwa karatasi ya maua, kauweka mapajani mwangu, akasema, mama, huu ni wa asili, siyo haya masponji ya siku hizi. Nikamshukuru kama inavyopasa. Alipotoka tu nikaushika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, nikautoa uani na kuuanika kwenye kamba, na huko ndiko utakakokaa mpaka nipate wa kumpa. Hata hivyo nilikuwa nimechelewa. Harufu yake ilikwishanifikia, ile harufu kavu ya kitu kilichokaa guniani, yenye utamu kwa mbali, na kabla sijarudi kitini nikawa niko Tabora, Ng'ambo, ukumbini kwetu, nina umri wa miaka saba na wakubwa wote nyumbani wananitazama kama mtu wa kupita.

Nyie wa rika langu hamhitaji kuelezwa godoro la sufi. Mmelilalia, mmelikojolea, mmelibeba kichwani kwenda kulianika. Ila wengi wenu hamkuona linavyozaliwa, na mimi nimeliona kuliko nilivyotaka. Baba yangu alikuwa fundi magodoro. Siyo fundi mmojawapo, alikuwa fundi hasa, na mtu aliyeoza binti yake Tabora bila godoro la baba alisemwa vibarazani msimu mzima. Sufi ilikuja kwa treni kutoka pwani, imeshindiliwa kwenye magunia, bado ina mbegu zake nyeusi. Mama na bibi walikaa chini wakizitoa mbegu kwa vidole. Baba aliipiga sufi kwa fito mbili, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka ivimbe na kuwa nyepesi, halafu akaishindilia kwenye kitambaa cha michirizi na kuishona kwa shazia, ile sindano ndefu ya magunia. Kazi yote hiyo ilifanyika ndani, ukumbini, milango ya mbele na ya uani ikiwa imefungwa. Sufi haihitaji upepo mwingi kukutoroka. Ukiacha mlango wazi, nusu ya godoro la bibi harusi utaikuta kwa jirani.

Basi hewa ya nyumba yetu ilikuwa nyeupe. Jua likipenya kwenye tundu la bati, uliona mstari mzima wa nyuzi ndogondogo zikielea bila haraka. Mimi niliziona ni nzuri. Nilifungua kinywa zikaingia.

Nilikuwa kitinda mimba, niliyefuata baada ya wawili waliozikwa wachanga, na nilipewa jina la mama yake baba. Kwa sababu hiyo baba hakuniita jina, aliniita mama, na kaka yangu Shabani alilazimika kunipisha kwenye mambo mengi ambayo kwa haki yalikuwa yake. Pumu ilinianza kabla sijang'oka jino la kwanza. Ikinishika, nilikaa nimeinama mbele, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, na kifuani mkatoka mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta. Mama akichemsha maji, bibi akisoma na kunipulizia, na baba akiacha fito zake na kunibeba. Alinizungusha ukumbi mzima, kwenda na kurudi, mgongo wangu kifuani kwake, mpaka inipite. Nilikuwa nasikia moyo wake ukigonga mgongoni mwangu, na nawaambia kweli, mbali na kule kukosa pumzi, pale ndipo palikuwa mahali nilipopapenda kuliko pote duniani.

Na kwa kuwa nilipendwa, niliwekwa pahali pazuri. Nyumba yetu haikuwa na kiti cha maana, lakini ilikuwa na magodoro mapya ya watu, yamepangwa moja juu ya jingine karibu na alipokaa baba. Mimi nilipandishwa juu kabisa ya rundo lile. Nilikula huko, nikalala huko mchana, nikajifunza alifu huko. Wageni walioingia walianza kunitafuta kwa macho darini. Hakuna malkia aliyekaa palipo laini kuliko mimi, na hakuna mtoto Ng'ambo nzima aliyevuta sufi nyingi kuliko mimi. Jambo hilo la pili hakuna aliyelifikiria. Lilikuwa mbele ya pua zetu, tena ndani ya pua zetu, na hatukuliona.

Walichokiona wao ni mbio. Siku moja, nikiwa na miaka mitano, nilitoroka na watoto wenzangu kukimbilia treni, nikarudishwa midomo imebadilika rangi. Tangu siku ile ikapitishwa sheria: huyu hakimbii. Kucheza rede, hapana. Kuruka kamba, hapana. Kwenda kisimani, hapana. Hata kucheka sana nilikatazwa, maana kicheko nacho kilinipa kikohozi. Na mafua yakipita mtaani yalikuwa na desturi ya kupiga kambi kwetu. Wenzangu walipenga siku tatu wakasahau, mimi nililala wiki mbili.

Mtoto hakosi maelezo. Nilimwona baba akishona kila siku, nikajua kwa hakika jinsi watu wanavyotengenezwa: Mungu anachukua ngozi, anaijaza, anashona. Na mimi alinishindilia mno. Ndiyo maana pumzi ilikosa pa kupita. Baba godoro likikaza mno alilipiga fito mpaka likalegea, kwa hiyo dawa yangu ilikuwa wazi. Nilimpa Shabani ufito mmoja, nikamgeuzia mgongo, nikamwomba anipige taratibu kila mahali asiruke hata mahali pamoja. Shabani alikuwa mtoto mtiifu na aliifanya kazi kwa moyo. Alipofika mabegani bibi akatokea. Ufito uleule ukahamia kwa Shabani, na mpaka leo, mzee mzima mwenye wajukuu, ananikumbusha kwamba alipigwa kwa kunitibu.

Nilipoanza shule ndipo uchungu wenyewe ulipoanza. Miaka ile mnaikumbuka. Watu wote walikuwa ndugu, kila shule ilikuwa na shamba, na asubuhi kabla ya darasa palikuwa na mchakamchaka. Shule nzima, wakubwa mbele na wadogo nyuma, wanakimbia kwa mstari kuzunguka mtaa huku wakiimba, miguu peku mia kadhaa ikitua kwa pamoja. Mimi niliketishwa ngazini pa ofisi nikilinda madaftari ya wenzangu. Nilizijua nyimbo zote. Niliwasikia wakienda hadi sauti inazama nyuma ya nyumba, halafu nikawasikia wakirudi, na waliporudi walikuwa wamelowa jasho na wana siri yao, ile ya watu waliofanya jambo pamoja. Niliwaonea wivu mpaka nikatamani mmoja wao ajikwae. Mungu anisamehe, nilitamani zaidi ya mmoja.

Ukaja mwaka ambao baba alipata kazi kubwa ya magodoro ya bweni zima. Ukumbi ukajaa, vyumba vikajaa, magunia yakapangwa hadi kwenye mlango wa choo. Fito zililia tangu alfajiri. Na mimi nikaugua mfululizo, leo nafuu, kesho nimeinama tena. Mama akanipeleka zahanati, kwa mganga mmoja mtu mzima, Msukuma mpole aliyekuwa na tabia ya kusikiliza kifua huku amefumba macho. Akanichoma sindano, nikapata pumzi, halafu akamshauri mama aniondoe mjini kwa likizo nzima, nikae pahali pengine, waone. Hakusema waone nini. Nadhani alikwishashuku.

Nikapelekwa Itetemia kwa dada yake baba, Shangazi Kabula. Leo Itetemia ni mjini, watu wamejenga. Wakati ule palikuwa mashamba, na kutoka kwetu ulihesabu ni safari. Nilipelekwa nimeketi nyuma ya baiskeli ya baba, na njia nzima alikuwa akisimama kuniuliza kama nabanwa. Alimpa shangazi masharti yote: asikimbie, asiinue ndoo, asicheke sana. Shangazi aliitikia yote, ndiyo kaka, nimesikia kaka. Baiskeli ilipokata kona akanitazama juu mpaka chini, akauliza kama miguu yangu ina ugonjwa wowote. Nikasema haina. Akasema, basi twende, ndege wanamaliza mpunga.

Shangazi Kabula alikuwa dada wa fundi magodoro na alilala kwenye mkeka. Mgongo wake, alisema, haukufundishwa vitu laini. Nami nikalala kwenye mkeka, juu ya kitanda cha kamba, dirisha wazi. Asubuhi tulishuka mbugani kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Palikuwa na dungu, jukwaa la miti la kukalia mlinzi, na mimi kwa mazoea yangu nikaanza kulipanda. Akanishika kanga. Dungu ni la wazee, akasema, wewe una miguu. Nikamweleza, kwa fahari kidogo, kwamba mimi sikimbii, nina pumu.

Hakubisha. Alikaa kwenye tuta, akanikalisha na mimi, akaniambia habari ya babu yao, baba yake baba yake, ambaye alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, akarudi na vitambaa, mara ngapi hakuna anayejua. "Mpagazi anayeondoka kwa mbio analala njiani," akasema. "Babu alianza polepole mpaka jasho la kwanza litoke. Likishatoka, ndiyo anaongeza. Wewe utaanza hivyo. Kifua kikibana, unakaa. Kikiachia, unaendelea. Hakuna anayekufukuza."

Siku ya kwanza nilitembea tu, nikizunguka shamba na kupiga debe. Siku ya tatu nilitembea kwa haraka. Sikumbuki ni siku ya ngapi kundi la kwelea lilitua upande wa pili, jeusi, lina kelele, na mimi nikiwa nimeshatembea raundi mbili na jasho limenitoka nikajikuta nakimbia. Nilikimbia nikipiga kelele hadi mwisho wa jaruba la mpunga. Ndege wakanyanyuka wote kwa pamoja. Nikasimama nikingoja adhabu yangu. Nilikaa chini, mikono magotini, mabega tayari, nikausubiri ule mlio wa mlango. Haukuja. Nilihema tu, kama mtu yeyote anayehema. Sijui kama mtu ambaye hakuwahi kunyimwa anaweza kuielewa furaha ile. Nililia, na shangazi akadhani nimechomwa na mwiba.

Sisemi sikubanwa kabisa. Nilibanwa mara mbili tatu, asubuhi za baridi, nikakaa kama nilivyofundishwa ikapita. Mafua nayo yalinikuta huko, yakanipa siku nne za kupenga na kuondoka, bila kunilaza. Likizo ilipoisha nilikuwa mweusi wa jua, nyayo zimepasuka, na nina kiburi kisicho na kifani. Nilirudi Ng'ambo kwa miguu pamoja na shangazi, tukianza polepole.

Nyumbani waliniona wakashangilia. Baba alinibeba, akanipima uzito kwa mikono, akacheka. Kisha, kwa upendo uleule, akanipandisha pahali pangu juu ya magodoro ili niwasimulie. Nikasimulia. Niliwasimulia ndege, na babu mpagazi, na jinsi nilivyokimbia, na baba akiendelea kupiga sufi yake kwa fito huku akitikisa kichwa kwa mshangao. Chai haikuwa imepoa nilipoanza kukohoa. Mama alipokuwa anasonga ugali wa jioni nilikuwa nimeinama mbele na mlango kifuani unalia. Namkumbuka baba alivyosimama, fito mkononi. Alinitazama mimi, akatazama godoro nililokalia, akatazama ile hewa nyeupe iliyojaa kati yetu. Aliziweka fito chini polepole sana. Usiku ule nilibebwa kama zamani, lakini alinibebea uani.

Kilichofuata mimi sikuambiwa. Wazazi wetu hawakuwa na tabia ya kuwaeleza watoto mambo yanayowahusu watoto. Mama alinisimulia nikiwa nimeshazaa wawili. Asubuhi yake baba alikwenda kwa yule mganga peke yake, akamuuliza bila kuzunguka kama ni sufi. Mganga akamwambia kwamba mwili una askari wake wa kuulinda, na wa mtoto huyu ni hodari lakini wana pupa. Wakiona unyuzi wa sufi wanadhani wamevamiwa, wanafunga milango yote, na pumzi inabaki nje. Baba akauliza habari ya mbio. Mganga akasema amwache mtoto akimbie, ila aanze taratibu na asikimbie siku ambayo kifua kimeshabana, kwa sababu kifua kilichozoea kazi kinastahimili zaidi kuliko kifua kilichozoea kulala. Mama alisema baba alirudi akakaa kwenye kizingiti, hakula, na neno alilolisema siku nzima lilikuwa moja: mkono wangu mwenyewe.

Sasa mnajua ninyi. Mimi nilichokiona, nikiwa na miaka minane kasoro, ni hiki. Ndani ya siku chache magunia yote yaliondoka. Baba alikodi banda karibu na reli akahamishia kazi huko, akawa anatoka asubuhi na kurudi jioni kama mgeni. Nyumba ikadekiwa, ikapigwa chokaa, ikawa kubwa na kimya. Na baba akaacha kunishika. Nilipomkimbilia mlangoni jioni alinyoosha kiganja na kurudi nyuma. "Kaa huko, mama," akasema. Alizunguka kwa nyuma, akaoga, akabadili nguo, akakaa upande wa pili wa uwanja, na hata hapo nilipomsogelea alijikagua mikono kwanza, na mara nyingi akanyanyuka akaenda kuiosha tena. Sufi ina ukaidi. Ilibaki nyusini na kwenye nywele za mikono yake, naye alijua. Basi akaona afadhali asinikaribie kabisa.

Nilifanya hesabu zangu za kitoto, zikanipa jibu moja. Kabla sijakimbia nilikuwa na baba. Nimekimbia, sina. Aliyempenda ni yule mtoto wa juu ya magodoro, na huyu wa nyayo zilizopasuka hamtaki. Kila kitu kiliafiki.

Shuleni, wakati huohuo, nilikuwa nimepata nilichokililia. Mwalimu wetu wa mbio, kijana mrefu wa kutoka Nzega, alimsikiliza mama, akanikubalia nianze nyuma kabisa kwa kutembea, nikimbie jasho likishatoka. Wiki ya kwanza nilikuwa mkia. Wiki ya tatu nilikuwa nawaona wenzangu migongo kwa karibu. Baada ya muda nikawa katikati ya mstari, bega kwa bega, nyimbo zote nazijua, na vumbi la miguu ya wakubwa likinipiga usoni. Nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na siri yao. Na nikirudi nyumbani baba ananyoosha kiganja, kaa huko, mama, na siri yote inakuwa haina ladha.

Mwishowe nikaamua kuzirudisha mbio. Hakuna aliyenishauri. Asubuhi moja nilimwambia mwalimu kwamba leo naumwa, nikaketi ngazini na madaftari. Tulipoachiwa shuleni sikwenda nyumbani. Nilivuka mtaa nikaenda mpaka bandani kwa baba, nikiwa nimepanga kila kitu. Nilingoja nyuma ya ukuta hadi alipotoka kwenda kuswali alasiri, kisha nikaingia.

Sufi ilikuwa imelundikwa kona nzima, imeshapigwa, imevimba. Nikapanda. Nikajizika mpaka shingoni, nikavuta pumzi kwa nguvu, mara nyingi, kama mtu anayekunywa. Nilitaka kuugua na niliugua. Lakini nilikuwa nimesahau ukali wa pumu, au haukuwa mkali hivyo zamani. Ilinishika kwa pupa. Nilipojaribu kutoka sufi ikadidimia chini ya miguu, nikaanguka, nikainuka, nikaanguka tena, na sauti ya kumwita baba haikutoka. Hapo niliogopa. Sikuwa nimepanga kufa.

Baba alirudi akanikuta. Alinichomoa kwenye rundo, akanitupia mgongoni, akatoka mbio. Baba yangu alikuwa mnene, mtu wa kazi ya kukaa, na sikuwahi kumwona hata akiharakisha. Alikimbia kutoka relini hadi zahanati bila kusimama, kofia ikaanguka njiani hakuigeukia, na pumzi yake ilikuwa mbaya karibu sawa na yangu.

Sindano ikanirudisha, nikavuliwa nguo zenye sufi, nikapanguswa kichwa na kufungwa shuka. Nilipoweza kukaa, nilimwona amesimama mlangoni, mbali, ametapakaa sufi kichwani na ndevuni. Mganga alikuwa kati yetu akisafisha vyombo vyake. Baba akauliza kutoka palepale alipo:

"Nani alikutuma bandani?"

Nikasema hakuna.

"Sasa ulifuata nini?"

"Nilikwenda kuumwa."

Mganga akaacha alichokuwa akifanya. Baba akarudia neno lile, kuumwa, kana kwamba ni la lugha nyingine. Nikamweleza, na niliona ajabu kwamba mtu mzima anahitaji kuelezwa jambo rahisi hivyo. "Nikiumwa unanibeba. Nikikimbia hunibebi. Mbio nimeziacha, baba."

Uso wake ulifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona, na nilitazama chini kwa adabu. Kisha akatoka. Nilidhani ameondoka. Kumbe palikuwa na bomba uani, penye foleni ya wagonjwa na mama zao, na kutoka kitandani nilimwona kupitia dirishani. Alivua shati lake akalitundika kwenye ua. Akaomba sabuni. Mbele ya watu wote wale, mzee aliyeheshimiwa mji mzima, mtu ambaye hata nyumbani hakukaa kifua wazi mbele ya wakwe, aliinama chini ya bomba akaosha kichwa, na ndevu, na shingo, na kwapa, na mikono mpaka mabegani, akasugua, akasuuza, akasugua tena. Alimwita mganga aje amtazame kama kumebaki unyuzi. Mganga akamzunguka kwa makini, akauondoa mmoja nyuma ya sikio.

Ndipo akaja kunichukua. Alininyanyua, mgongo wangu kifuani kwake, kifua kilicholowa na kunuka sabuni ya zahanati. "Sikiliza, mama," akaniambia sikioni. "Sufi ndiyo inayokuua, na mimi ndiye ninayekuja nayo. Nilikaa mbali upumue. Siku ile Kabula aliponiambia umekimbia, nilitoka nje nikalia kama mwanamke." Akanikaza kifuani. "Hizo mbio usiziache kwa ajili ya mtu yeyote. Hata kwa ajili yangu."

Nilikuwa nasikia moyo wake mgongoni.

Shati hakulichukua. Alilipitia mbali, upande wa pili wa ua, akanibeba Ng'ambo nzima kifua wazi, kichwa wazi, maji yakimchirizika hadi kwenye suruali. Watoto wa shule walimwamkia shikamoo huku wakizibana midomo wasicheke, naye akawaitikia marahaba, mmoja mmoja, sauti ileile ya siku zote. Wanawake sokoni waligeuza nyuso. Kwenye kibaraza cha wacheza bao mchezo ulisimama, na mmoja wa rafiki zake akamuuliza, Fundi, kuna kheri?

"Kheri tupu," baba akajibu, na hakupunguza mwendo. "Nimembeba mwanangu."

Alinitua mlangoni kwetu. Mama alitoka mbio akamkuta katika hali ile, akaziba mdomo kwa kanga. Aliinama akanitazama nyayo zangu, nyayo zilizopasuka za mtoto wa mbugani, akazipangusa vumbi kwa kiganja chake kisafi.

"Kesho pumzika, uwahi kulala," akasema. "Keshokutwa una mchakamchaka."